Baba Aliingia Hospitali na Ugonjwa Mmoja, Akatoka na Viwili

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68. Utumbo ulijisokota, akafanyiwa upasuaji wa dharura, wakakata kipande na kumwekea mfuko wa haja tumboni. Siku ya tano homa ikapanda na kidonda kikaanza kutoa usaha. Mpira wa mkojo nao, aliokaa nao siku tisa, ukawa unatoa mkojo mzito wenye harufu. Maabara wakasema ni Klebsiella sugu, na daktari akatuambia, "Hao ni bakteria wa hospitalini." Tulitegemea angekaa wiki moja, akakaa nne. Ndugu zangu wanawalaumu wauguzi. Mimi usiku silali, nawaza labda ni mimi, maana ndiye niliyekuwa namgeuza na kumfuta kidonda. Baada ya miezi mitatu anarudi kuunganishwa utumbo. Inakuwaje mtu aambukizwe mahali pa kutibiwa? Na safari hii tufanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Umeniita daktari, mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa hii moja ya kuzuia maambukizi wodini. Nimelisoma swali lako mara tatu. Nitafika kwenye hilo linalokunyima usingizi, lakini nikianza nalo hutaniamini, kwa hiyo nivumilie kidogo tuanze na hao bakteria.

Tunaposema maambukizi ya hospitalini tuna maana ya maambukizi ambayo mgonjwa hakuja nayo, wala hayakuwa yakiatamia mwilini mwake siku aliyolazwa. Kwa kawaida tunahesabu saa 48: homa ikianza kabla ya hapo, huenda alikuja nayo, ikianza baada ya hapo, tunaanza kujiuliza sisi wenyewe. Kidonda cha upasuaji kina hesabu yake, nacho tunakifuatilia hadi siku 30, na zaidi ya hapo kama mgonjwa amewekewa chuma au kiungo bandia. Homa ya baba yako ilianza siku ya tano. Daktari alikuwa na haki ya kusema alivyosema, ila alipaswa kukaa chini awaeleze.

Hayakumpata baba yako peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwa magonjwa yanayohitaji tiba ya haraka, 7 katika nchi tajiri hupata angalau ambukizo moja la hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15. Na katika kila kumi wanaoambukizwa hivyo, mmoja hufariki. Nakuandikia hesabu hizi nikiwa najua kwamba baba yako alikuwa karibu nazo. Shirika hilo hilo linasema usafi wa mikono na hatua nyingine zisizo na gharama kubwa zinaweza kuzuia asilimia 70 ya maambukizi haya. Hiyo ndiyo sababu sijaiacha kazi hii.

Watu wakisikia "bakteria wa hospitalini" hudhani ni kiumbe fulani kinachoishi ukutani kikimvizia mgonjwa. Wako wanaokaa kwenye vitu, sikatai. Acinetobacter anaweza kudumu wiki kadhaa kwenye reli ya kitanda iliyokauka kabisa. Lakini mara nyingi anayemuumiza mgonjwa ni bakteria ambaye mgonjwa mwenyewe anatembea naye. Klebsiella makazi yake ya kawaida ni utumbo. Yumo kwa watu wengi wazima, wanakula, wanalala, wanafanya kazi, na hawana habari naye. Utumbo ukijisokota damu haifiki vizuri, ukuta wake unalegea, na kilichokuwa ndani kinaanza kuvuja. Kisha unakatwa kwa dharura, bila nafasi ya kuusafisha. Upasuaji wa namna hiyo tunauhesabu kuwa wenye uchafu tangu mwanzo, hata ukifanywa na mikono bora duniani, na kidonda chake huoza mara nyingi kuliko kidonda cha, tuseme, goti au tezi ya shingo.

Basi kwa nini Klebsiella *sugu*, yaani asiyekufa kwa dawa za kawaida? Hapo ndipo wodi inapoingia, na inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni dawa. Mgonjwa anapopewa antibiotiki, bakteria dhaifu tumboni mwake wanakufa na wachache wenye usugu wanabaki na nafasi tele ya kuzaana. Ya pili ni mikono. Mgonjwa wa kitanda cha tatu ana Klebsiella sugu kwenye mkojo. Mtu anamwaga mfuko wake, anavuta shuka, anapita kitanda cha nne kupima presha, anafika kwa baba yako kitanda cha tano. Hakuna aliyekusudia ubaya. Bakteria amesafiri vitanda viwili kwa dakika sita.

Jambo hili la mikono linajulikana tangu zamani, na historia yake inaniuma kila ninapoisimulia. Katika hospitali kuu ya Vienna kulikuwa na kliniki mbili za uzazi. Mwaka 1846, ile ya madaktari na wanafunzi wao ilipoteza akina mama zaidi ya 11 katika kila 100. Ile ya wakunga ilipoteza chini ya 3. Wajawazito waliijua tofauti hiyo na walilia wakiomba wasipelekwe ya kwanza. Mwezi Machi 1847 daktari mwenzao, Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana kabisa na ule uliokuwa ukiwaua akina mama. Ignaz Semmelweis, daktari wa kliniki ile ya kwanza, akaunganisha mambo: madaktari walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Katikati ya Mei akawaagiza wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Vifo vilivyokuwa zaidi ya 18 katika 100 mwezi Aprili vilishuka hadi karibu 2 mwezi Juni. Na bado wakubwa wengi wa fani walimpinga, kwa sababu kukubali kulikuwa na maana kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua.

Kukiri huko bado ni kugumu hadi leo. Ninapowafundisha wauguzi na madaktari wapya huwapaka mikononi mafuta maalumu yasiyoonekana mchana, nikawaambia wanawe kama wanavyonawa siku zote. Kisha nazima taa na kuwamulika kwa taa ya zambarau. Palipobaki mafuta panang'aa. Kiganja kimetakata, nyuma ya mkono si haba, lakini kidole gumba kinang'aa chote, chini ya pete pana mduara mweupe kama mwezi, na ncha za vidole zinawaka kana kwamba hazijaguswa na maji. Chumba kinakuwa kimya. Ni ncha hizo hizo zinazopapasa mshipa kabla ya kuchoma sindano, na kidole gumba hicho hicho kinachosukuma dawa.

Kunawa kwa sabuni kunataka sekunde 40 hadi 60, pamoja na kukausha. Kwa kitakasa mikono chenye spiriti ni sekunde 20 hadi 30, mkono wote ulowe na ukauke wenyewe. Mikono isiyo na uchafu wa kuonekana, spiriti inafanya kazi vizuri kuliko sabuni, na kwa haraka zaidi. Lakini ipo hali moja muhimu kwenu: mgonjwa aliyetumia antibiotiki akaanza kuharisha sana anaweza kuwa na Clostridioides difficile, bakteria anayejifunika gamba gumu ambalo spiriti hailiwezi. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, na choo kisafishwe kwa klorini.

Sisi tunafundishwa nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano au kufungua kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka hata kama yeye hukumgusa. Nikikaa kona ya wodi na daftari langu kuhesabu, naona watu hunawa *baada* kuliko *kabla*. Tunajikinga sisi kwanza, ni tabia ya binadamu. Lakini anayemkinga baba yako ni yule anayenawa kabla.

Na glavu, mwanangu, zisikudanganye. Glavu humkinga aliyezivaa. Muuguzi akitoka nazo kitanda hadi kitanda, akafungua droo, akashika simu, kisha akashika kanula ya baba, ule mrija mdogo wa mshipani, ni sawa na mikono michafu, pengine vibaya zaidi kwa sababu yeye mwenyewe anajiona yuko safi. Glavu ni za mgonjwa mmoja na kazi moja. Zikivuliwa, mikono inasafishwa.

Sasa nije kwenye mipira, maana kama ungenipa dakika mbili tu za kuzungumza nawe, ningezitumia zote hapa. Ngozi ndiyo kinga kubwa kuliko dawa zote za famasi. Kila kanula, kila mpira wa mkojo, kila mrija wa pua au wa koo ni mlango tuliouvunja wenyewe katika kinga hiyo, mara nyingi kwa sababu nzuri, kisha tukasahau kuufunga. Mpira wa mkojo ndio mfano ulio wazi zaidi. Kila siku unapokaa mwilini, uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Piga hesabu ya siku tisa za baba yako: ni kati ya robo na nusu ya wagonjwa wanaokaa nao muda huo. Bakteria hao hupanda kwa nje ya mpira, kati yake na nyama, au huingia kwa ndani pale mtu anapochomoa mrija kutoka kwenye mfuko. Wakishafika hujitandaza ukutani mwa mpira kama utando wa ute, na ndani ya utando huo dawa haiwafikii vizuri. Ndiyo maana mara nyingi tunatoa mpira kwanza ndipo dawa ifanye kazi.

Nami nimekosea katika jambo hili. Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa tunamhamisha mzee mmoja kutoka kitandani kwenda kwenye machela. Nikachukua mfuko wake wa mkojo nikauweka juu ya tumbo lake, usije ukanasa kwenye gurudumu. Nikauona kwa macho yangu mkojo uliokuwa kwenye mrija ukirudi taratibu kuelekea kwake, mkojo uliokuwa umekaa mfukoni tangu asubuhi. Siku ya tatu akapata homa. Tangu hapo machela haisogei mbele yangu kabla sijaona mfuko uko wapi. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu saa zote, usiguse sakafu, mrija usijikunje, na tundu la kumwagia lisiguse ukingo wa chombo. Mambo haya manne ndugu wa mgonjwa anaweza kuyaangalia kuliko hata sisi, kwa sababu nyinyi mmekaa pale kitandani.

Ila sikiliza na upande wa pili. Mkojo wenye harufu au uliokolea, peke yake, si ugonjwa. Mtu yeyote akikaa na mpira muda mrefu bakteria wataonekana maabara. Tunatibu pale pana homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au tumbo la chini, au mzee aliyechanganyikiwa ghafla bila sababu nyingine. Kumpa antibiotiki mzee asiye na dalili ni kumfugia bakteria sugu kwa ajili ya mwezi ujao. Msizidai.

Kuhusu ndugu zako na lawama kwa wauguzi, nitawasimulia jambo. Jimboni Michigan, Marekani, daktari Peter Pronovost na wenzake walichukua vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 100 na kuwataka wafanye mambo matano kila wanapoingiza mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa kwa shuka safi mwili mzima huku daktari akiwa amevaa kofia, barakoa, gauni na glavu, kupaka ngozi klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), kukwepa mshipa wa kinenani, na kutoa mrija usiohitajika. Hakuna kitu kipya hapo. Wote walikuwa wakiyajua. Kilichobadilika ni kwamba vifaa vyote viliwekwa kwenye toroli moja, hatua ziliandikwa kwenye karatasi, na muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: baada ya miezi 18 maambukizi ya damu yalikuwa yamepungua kwa asilimia 66.

Nawaambia hivyo kwa sababu nimeona wodi nyingi ambako muuguzi mmoja ana wagonjwa thelathini, bomba halitoi maji, na chupa ya kitakasa mikono imefungiwa kabatini isiibiwe. Muuguzi huyo hana budi kunawa, wala simtetei asiponawa. Lakini mkimfokea, atanawa siku hiyo mbele yenu. Mkimwandikia mkuu wa hospitali kwamba wodi nzima ina sinki moja na halina sabuni, mtakuwa mmewasaidia wagonjwa wa mwaka mzima. Andikeni kwa adabu, mtaje siku na wodi, muweke nakala.

Na sasa wewe, na usiku wako.

Bakteria wengi wa kidonda cha upasuaji huingia kidonda kikiwa bado wazi, mezani, kabla uzi wa mwisho haujafungwa. Homa ya siku ya tano inalingana na hilo. Wakati ulipokuwa unamfuta, kilichokuwa chini ya ngozi kilikuwa kimeshaanza kazi yake. Hukumuumiza baba yako na hukumletea Klebsiella kutoka nyumbani. Kumgeuza kulimsaidia: mgonjwa anayegeuzwa hapati vidonda vya mgongo kirahisi na mapafu yake hayajai makohozi. Kwa hilo ulifanya kazi yetu, nami nakushukuru.

Kidonda, hata hivyo, safari hii usikifute. Bandeji aliyofungwa kwenye chumba cha upasuaji huachwa kama ilivyo kwa saa 48 hivi, isipokuwa imelowa damu au imebanduka, na hapo muite muuguzi. Kitambaa cha nyumbani hata kikifuliwa na kupigwa pasi hakifai kwenye kidonda kibichi. Na maadamu baba bado ana mfuko wa haja karibu na mshono, ukimaliza kuushughulikia nawa kabla hujagusa kitu kingine chochote mwilini mwake, hata kama ni kumfunika shuka.

Tuingie kwenye hiyo miezi mitatu. Mnayo bahati ambayo mara ya kwanza hamkuwa nayo, nayo ni muda. Kama baba anavuta sigara, aache leo, maana kidonda cha mvutaji huchelewa kupona na anahitaji wiki kadhaa bila moshi ili mwili ufaidike. Kama ana kisukari, kiwekwe sawa kabla ya tarehe. Sukari ya juu ni karamu kwa bakteria. Ale protini ya kutosha, kwa sababu mtu aliyekonda kitandani mwezi mzima hana cha kujengea nyama mpya. Hospitali ikimpima na kumkuta na upungufu wa damu, mtibuni mapema msingoje juma la mwisho.

Siku moja kabla, au asubuhi yenyewe, aoge mwili mzima kwa sabuni ya kawaida. *Asinyolewe* tumbo kwa wembe, nyumbani wala wodini. Hili nalirudia kwa kila familia kwa sababu watu hulifanya kwa nia ya usafi. Wembe unaacha mikwaruzo midogo usiyoiona, na bakteria hukaa humo wakisubiri kisu. Nywele zikiwa zinazuia kazi, hukatwa kwa mashine ya kukatia, siku ile ile.

Kama upasuaji utagusa utumbo mpana, muulizeni daktari kuhusu maandalizi ya utumbo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ikiwa mgonjwa atapewa dawa ya kusafisha utumbo, iambatane na vidonge vya antibiotiki; kuusafisha peke yake bila vidonge hakupunguzi maambukizi. Kisha ipo dozi ya kinga ya mshipani. Inatakiwa iingie ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, mara nyingi mgonjwa akiwa anaandaliwa kwa nusukaputi, ili damu iwe imejaa dawa ngozi inapofunguliwa. Ikichomwa wodini alfajiri kwa upasuaji wa adhuhuri, imepotea bure. Na ikiwa upasuaji umekwenda sawa, dozi hiyo haiendelezwi kwa siku tano "kwa usalama". Familia nyingi hufurahi kuona dawa nyingi kwenye chati. Mimi hunung'unika.

Akirudi wodini, kila asubuhi daktari anapopita, muulize sentensi moja: "Mpira huu bado anauhitaji?" Uliza juu ya ule wa mkojo, uliza juu ya kila kanula, uliza hata kama uliuliza jana. Baada ya upasuaji wa kupangwa, mpira wa mkojo mara nyingi unaweza kutoka siku ya kwanza au ya pili. Nimeona mipira ikikaa wiki nzima kwa sababu tu kila zamu ilidhani zamu nyingine ina sababu. Swali lako dogo litamfanya mtu afungue faili. Kanula nayo iangalie: plasta iwe kavu na imeandikwa tarehe, mshipa usiwe mwekundu, mgumu kama kamba, wala usiume dawa ikipita. Ukiona hayo usingoje zamu ibadilike.

Mketisheni mapema, atembee hata hatua kumi kwa kushikiliwa, avute pumzi ndefu na kukohoa huku amekumbatia mto tumboni ili mshono usimuume. Apigwe mswaki asubuhi na jioni hata kama hajala. Nimonia ya hospitalini huanzia mate ya kinywa kichafu yakiteremka kwenye mapafu ya mtu aliyelala chali. Anapokula au kunywa, kichwa na kifua viinuliwe.

Mtu akija kumshika bila kusafisha mikono, unaweza kumwambia bila kumvunjia heshima. Jaribu hivi: "Dada, samahani, baba aliwahi kupata bakteria sugu, tunaogopa sana. Naomba utumie dawa ya mikono kabla hujamgusa." Sema kwa sauti ya kawaida, wala si kwa kunong'ona. Kati ya wote nilioona wakiambiwa hivyo, wengi walishtuka kidogo, wakanawa, wakaendelea na kazi. Akikasirika, bado atakuwa amenawa. Na wewe mwenyewe anza: akikuona unanawa kila uingiapo, ombi lako halitasikika kama shutuma.

Wageni wawe wachache. Mwenye mafua, kikohozi, kuharisha au jipu abaki nyumbani apige simu. Mikoba na viatu visipande kitandani. Kama utamsaidia mgonjwa wa kitanda cha jirani asiye na ndugu, na ni wema mkubwa, nawa kabla ya kumgusa na unawe tena kabla ya kurudi kwa baba.

Akiruhusiwa, hesabuni siku 30. Mrudisheni hospitali kidonda kikizidi kuwa chekundu, kikivimba, kikitoa usaha au kikiachia, au homa ikirudi. Na kuna hali isiyongoja asubuhi: akipumua haraka haraka, akiwa baridi na jasho, akichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, mkojo ukipungua sana. Hizo zinaweza kuwa dalili kwamba maambukizi yameuzidi mwili mzima, nazo kila saa ina thamani. Mzee anaweza kuwa na hayo yote bila homa hata kidogo, kwa hiyo kipimajoto kikisoma kawaida kisiwatulize.

Limebaki jambo moja, na lifanyeni wiki hii. Nendeni maabara au ofisi ya kumbukumbu muombe nakala ya majibu ya kuotesha usaha na mkojo wa baba, ile karatasi yenye jina la Klebsiella na orodha ya dawa zilizoandikwa "sugu" na zile zinazomuua. Usitegemee kwamba ipo kwenye faili. Faili hupotea, na huenda daktari atakayepasua safari hii akawa mwingine. Bakteria huyo anaweza kuwa bado yumo utumboni mwa baba kwa miezi mingi, ametulia bila kumsumbua, na dawa ya kinga ya kawaida huenda isimguse. Daktari wa upasuaji na wa nusukaputi wakiiona karatasi hiyo mapema wanaweza kuchagua dozi nyingine, na wauguzi wakaamua kumpa chumba chake. Toeni nakala mbili. Moja mpe daktari mkononi siku ya kliniki, kabla hajaandika dawa. Nyingine iwe kwenye mkoba wako.